Mbinga Ikigeuka Bahari: Namna ya Kurekebisha Mandhari ya Mbali kwenye Simuleta ya Ndege

Umepaa kutoka uwanja wa Songea kwenye kompyuta yako, umeelekea magharibi, umepita Kitai na Kigonsera, na mji wa Mbinga sasa uko chini yako. Unategemea kuona milima ya Umatengo ikishuka hadi Ziwa Nyasa. Badala yake ardhi inakatika kama imekatwa kwa kisu, na mbele kuna buluu tupu isiyo na mwisho. Au milima ipo, lakini ile ya mbali imekuwa kama uji uliomwagika, au inametameta kila ndege inaposogea. Wengi wakifikia hapo huamua kwamba kompyuta imezeeka, wakaanza kutafuta hela ya kadi mpya. Tafadhali subiri kwanza. Mara nyingi tatizo hilo linatibika bila kununua kifaa chochote, na dalili unayoiona kwenye kioo inatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Kwa asiyeifahamu, simuleta ya ndege ni programu inayokuweka kwenye kiti cha rubani na kukurusha juu ya dunia halisi, yenye viwanja, mito na milima yake. Zinazotumika zaidi ni tatu. FlightGear ni ya bure kabisa, imetengenezwa na watu wanaojitolea, na ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza. X-Plane na Microsoft Flight Simulator ni za kulipia, na hiyo ya Microsoft ilipotoka, toleo la 2020 la kawaida liliuzwa kama dola 60 na la 2024 kama dola 70. Hatua nyingi hapa nitazieleza kwa FlightGear, na pale ambapo hizo nyingine zinatofautiana nitasema.

Swali la kwanza ni hili: simuleta inaijuaje milima yetu? Ardhi unayoiona imejengwa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni umbo, yaani wapi pameinuka na wapi pameshuka. Cha pili ni unamu, yaani picha bapa inayofunika umbo hilo ili lionekane kama msitu, shamba au mwamba. Umbo la sehemu kubwa ya Afrika limetokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, katika safari ya siku 11. Vipimo hivyo vilipotolewa kwa umma, mwanzoni nukta moja ilisimama kwa kila mita 90 hivi. Mwaka 2014 zikaanza kutolewa zile za kila mita 30, na Afrika ilikuwa ya kwanza kuzipata. Ukijua kwamba umbo na unamu ni vitu viwili, umeshapata nusu ya jibu, kwa sababu umbo likiwa sawa na unamu ukawa mbovu, dawa yake ni tofauti na ya umbo lililokosekana kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo linalowasumbua watu wa Mbinga kuliko wa mahali pengine. Simuleta haipakii dunia yote kwa mkupuo. FlightGear na X-Plane huigawa katika vipande vya mraba, kila kimoja kikiwa na upana wa digrii moja, kama kilomita 110 kila upande, na mipaka yake hufuata mistari ya ramani. Mstari wa digrii 35 mashariki unapita kilomita chache tu magharibi ya mji wa Mbinga. Mstari wa digrii 11 kusini unapita kilomita chache kusini yake. Kwa hiyo mji huu uko jirani kabisa na kona ambapo vipande vinne vinakutana. Songea na Mbinga zimo kwenye kipande kimoja. Mbamba Bay na Liuli zimo kwenye kingine. Lituhi, kule karibu na mdomo wa mto Ruhuhu, iko kwenye cha tatu, na nchi ya kusini kuelekea Msumbiji iko kwenye cha nne.

Matokeo yake ni haya. Ukianzia Songea, programu inapakua kipande cha Songea, na kila kitu kinaonekana kizuri hadi juu ya mji wa Mbinga. Ukiuvuka mji tu, unaingia kipande kingine. Kama intaneti ni ya taratibu au bando limeisha, kipande hicho hakipo, na FlightGear ikikosa kipande huchora bahari mahali pake, bahari iliyo kwenye usawa wa mita sifuri. Ndiyo maana unaona ukuta wa ardhi ukiporomoka. Ziwa Nyasa halisi lina uso wake kama mita 474 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inakaribia mita 2,000. Ukiona maji yaliyo chini kuliko ziwa lenyewe, usiguse mipangilio ya picha hata kidogo. Kipande hakijapakuliwa, basi.

Utahakikishaje? Fungua folda ambamo FlightGear huhifadhi mandhari, inayoitwa TerraSync. Mahali ilipo pameandikwa kwenye dirisha la mwanzo la programu, upande wa mipangilio. Ndani yake ingia Terrain, kisha e030s20. Hapo utakuta folda za vipande. Ya Songea na Mbinga inaitwa e035s11, ya Mbamba Bay na Liuli ni e034s12, ya Lituhi ni e034s11, na ya kusini ni e035s12. Usishangae Mbamba Bay, iliyoko digrii 11 na kidogo kusini, kuitwa 12: jina hufuata kona ya kusini-magharibi ya kipande. Folda isipokuwepo, au ikiwepo lakini ndani ni tupu, umempata mkosaji.

Kurekebisha ni rahisi. Kwenye dirisha la mwanzo, washa chaguo la kupakua mandhari moja kwa moja. Kisha, badala ya kuanzia Songea, anzia juu ya ziwa lenyewe. Sehemu ya kuchagua mahali inakubali namba za ramani, kwa hiyo andika latitudo -11.28 na longitudo 34.77, ambayo ni Mbamba Bay, na uweke kimo cha futi 10,000, yaani kama mita 3,050, ili usianze ukiwa ndani ya mlima. Ndege ikishatokea, bonyeza herufi p kusimamisha mchezo, uache kompyuta iendelee kupakua bila wewe kuruka. Anzia tena karibu na Lituhi, latitudo -10.55 na longitudo 34.6, ufanye vivyo hivyo. Vipande vikishakaa kwenye diski havihitaji intaneti tena, na safari ya kutoka Songea hadi ziwani utairuka hata bando likiwa limekwisha.

Ikitokea umeme ukakatika katikati ya kupakua, kipande kinaweza kubaki nusu. Dalili yake ni mashimo ya mraba yasiyo na rangi, au mto unaoanza na kuishia hewani. Funga programu, futa folda ya kipande hicho kimoja tu, uifungue tena ipakue upya. Usifute folda nzima ya TerraSync, maana utalipia upya kila kitu ulichokwisha kupakua.

Na gharama? FlightGear yenyewe andalia GB 2 hadi 3 za bando kwa mara ya kwanza. Vipande vya mandhari ni vyepesi kwa kulinganisha, kila kimoja huwa MB chache au makumi ya MB kutegemea ardhi yake. Kama una kifurushi cha usiku, panga kupakua usiku. Na kama rafiki yako Songea au Dar es Salaam ameshaipakua, mwombe akuwekee faili la kusakinishia pamoja na folda ya TerraSync kwenye flashi. Hilo ni halali kabisa, kwa sababu leseni ya FlightGear inaruhusu kunakili na kugawa. Kwa simuleta za kulipia si halali.

Wenye X-Plane wana tatizo la aina hiyo hiyo. Wakati wa kuisakinisha, programu inakuonyesha ramani ya dunia na kukuuliza unataka maeneo gani. Usipochagua mraba wetu, eneo lote hubaki maji. Endesha tena kisakinishi, chagua kuongeza au kuondoa mandhari, weka alama kwenye Tanzania ya kusini pamoja na ng'ambo ya ziwa, Malawi na Msumbiji. Faili la Mbamba Bay huko linaitwa -12+034.

Microsoft Flight Simulator yenyewe haigeuki bahari, ila inafifia. Hiyo huchota picha za satelaiti kutoka kwenye mtandao wakati unaruka, na toleo la 2020 linapendekeza kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, kima cha chini kikiwa 5. Kasi ikishuka, milima ya mbali inabaki na picha za jumla zisizo na shamba wala njia. Kwa mtu anayetegemea simu kutoa intaneti kwa kompyuta, hesabu ya bando itakuwa nzito, na kwa maoni yangu si simuleta ya kuanza nayo huku kwetu. Ukiwa nayo tayari, ingia kwenye mipangilio ya data, hakikisha picha za Bing zimewashwa, kisha uongeze ukubwa wa hifadhi ya muda inayoitwa Rolling Cache, ili mahali ulipokwisha kupita pasichotwe upya. Mandhari yakiharibika ghafla mahali ambapo jana palikuwa pazuri, futa hifadhi hiyo uiunde tena.

Tuseme vipande vyote vipo, lakini milima ya mbali ni ukungu wa rangi na ile ya karibu ni safi. Hapo kuna sababu mbili za kuangalia. Simuleta zote hupunguza undani wa vitu vya mbali kwa makusudi, ili kompyuta isilemewe. Umbali ambapo upunguzaji huo unaanza unaweza kuubadilisha. Kwenye FlightGear ingia menyu ya View, tafuta LOD Ranges, uongeze namba kidogo kidogo. Kwa Microsoft ni kitelezi cha Terrain Level of Detail. Ongeza hatua moja, ruka dakika tano, angalia kama picha inaanza kukwama. Ikikwama, rudi nyuma hatua moja.

Sababu ya pili ni kumbukumbu ya kadi ya picha. Kadi ya picha ni kifaa kilichomo ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye kioo, na ina kumbukumbu yake yenyewe, tofauti na ile ya kompyuta. Kumbukumbu hiyo ikijaa, programu huweza kujiokoa kwa kuweka unamu hafifu, na mara nyingi huanza na ule wa mbali. Kwa hiyo, ajabu ni kwamba ukipunguza ubora wa unamu kwa daraja moja, mandhari ya mbali yanaweza kuonekana vizuri zaidi kuliko ulipoweka ubora wa juu kabisa. Jaribu hilo kabla ya kufikiria kununua chochote. Funga pia kivinjari cha intaneti na programu nyingine, maana nazo hutumia kadi hiyo hiyo.

Dalili ya kumetameta ni nyingine kabisa. Unaruka juu ya ziwa, ukitazama mteremko wa mbali unaona vidoti vinawaka na kuzima, au mistari inatembea juu ya mlima. Hakuna kilichoharibika kwenye data. Unamu wenye undani mwingi unabanwa kwenye eneo dogo la kioo, na kompyuta inachagua nukta isiyo sahihi kila ndege ikisogea. Dawa ni mpangilio unaoitwa Anisotropic Filtering, ambao kazi yake ni kusafisha picha zinazotazamwa kwa mshazari. X-Plane na Microsoft wanao ndani ya mipangilio ya picha. Kwa FlightGear, njia nyepesi ni kuuweka kwenye programu ya kadi yenyewe, iwe ya NVIDIA, AMD au Intel. Anza na 8, halafu 16. Hata kadi za zamani huumudu bila shida.

Wakati mwingine milima haififii wala haimetameti, ila inajirudia. Msitu ule ule, alama ile ile ya kijani kibichi, tena na tena hadi kwenye upeo, kama maua ya kitenge. FlightGear haina picha ya mteremko wa Mbinga wenyewe. Ina ramani inayosema hapa ni msitu, hapa ni shamba, kisha inatandika picha ya msitu wa jumla mahali pote penye alama hiyo. Kwa karibu hutambui, kwa mbali mchoro unajitokeza. Kwenye mipangilio ya uchoraji, washa mfumo wa mwanga wa anga uitwao Atmospheric Light Scattering na upandishe ubora kidogo. Mfumo huo huchanganya rangi kwa umbali na kuvunja mrudio huo kwa kiasi kikubwa.

Anayetaka picha halisi za satelaiti kwenye X-Plane hutumia programu ya bure iitwayo Ortho4XP, ambayo hutengeneza kipande kimoja kimoja kutoka kwenye picha za mtandaoni. Kipande kimoja kinaweza kula GB kadhaa, kwa hiyo chagua kile cha Mbamba Bay peke yake kwanza. Jiandae kuona mstari ulionyooka ambapo kijani kinageuka kahawia ghafla. Picha za satelaiti hazikupigwa siku moja. Upande mmoja ulipigwa wakati wa masika, mwingine wakati wa kiangazi nyasi zimekauka au zimechomwa moto, na kwa Ruvuma tofauti ya Machi na Septemba ni kubwa mno. Kipimo cha haraka: ukisogea karibu na mstari ukabaki pale pale, ni picha, na dawa ni kuchagua chanzo kingine cha picha unapotengeneza kipande. Ukisogea nao ukasogea, ni mpangilio wa umbali, rudi kwenye LOD.

Ufukwe wa ziwa una vituko vyake. Ukiutazama kutoka mbali sana, maji na mchanga vinaweza kupigania nafasi, mara unaona buluu, mara kahawia. Hutokea kwa sababu kompyuta, kwa umbali mkubwa, haiwezi tena kupima ni kipi kiko juu ya kingine kwa tofauti ya mita chache. Tatizo likiisha unapokaribia, liache. Miiba ya ardhi inayochomoza peke yake, au mashimo kwenye mabonde membamba, ni makosa ya vipimo vya rada, kwa sababu rada ilitazama kwa mshazari na baadhi ya miteremko mikali ikabaki kivulini. Hakuna mpangilio wa kompyuta yako utakaoyaondoa, na ukitumia usiku mzima kuhangaika nayo utakuwa umeupoteza.

Kuna na mambo ambayo si kasoro. Kutoka futi 10,000 juu ya ziwa, upeo wa macho uko karibu kilomita 180, na Nkhata Bay ya Malawi iko kama kilomita 60 tu kutoka Mbamba Bay, kwa hiyo kimahesabu unapaswa kuona ng'ambo. Lakini ukiwasha hali ya hewa halisi, programu husoma taarifa za viwanja vya ndege, na zile huandika 9999 kwa maana ya kilomita 10 au zaidi, bila kusema zaidi kiasi gani. Simuleta inaweza kuchora ukungu mapema mno. Zima hali ya hewa halisi, chagua siku ya anga safi. Milima ikitokea, hukuwa na tatizo la mandhari. Usitegemee pia kuona ngolo, vile vishimo vya kilimo cha Wamatengo kwenye miteremko ya milima. Kishimo kimoja kina upana wa mita moja na nusu hivi, na nukta za vipimo ziko mita 30 mbali. Wala hutaona mawingu ya usubi yanayopaa juu ya Ziwa Nyasa kama moshi, ingawa ya kweli huonekana kutoka mbali sana.

Kabla ya kumwita fundi, sasisha draiva, ile programu ndogo inayoiunganisha kadi ya picha na kompyuta. Ipakue kutoka tovuti ya aliyetengeneza kadi, usiipakue kwenye tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila aina. Haitozwi senti, ila bando lako. Kompyuta mpakato nyingi zina kadi mbili, hafifu na yenye nguvu, na simuleta huweza kuanguka kwenye ile hafifu bila wewe kujua. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya Display, kisha Graphics, uiongeze simuleta na kuipa kadi yenye nguvu. Ikibidi kwenda kwa fundi, mpelekee picha ya kioo yenye tatizo, jina la kipande, toleo la programu na jina la kadi. Ukimwambia tu kwamba milima inaonekana vibaya, atakuuzia kadi.

Kosa moja lililobaki unaweza kulirekebisha wewe mwenyewe kwa faida ya wote. Ortho4XP huchora kingo za maji na mito kwa kufuata ramani huru ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri bure baada ya kujiandikisha. Kama ufukwe wa Liuli au mdomo wa Ruhuhu umekaa pasipo pake kwenye simuleta, fungua ramani hiyo, linganisha na picha ya satelaiti na unachokijua kwa macho yako, usogeze mstari. Kipande kitakachotengenezwa baada ya hapo kitasoma mstari wako mpya. Wewe unayekaa pale unaijua pwani hiyo kuliko rada yoyote, kwa hiyo usiwaachie wengine kazi hiyo.